Silabi Ichorwe Vipi? Ulinganisho wa Njia Nne za Kueleza Muundo Wake

Ni rahisi kuhesabu silabi kuliko kueleza silabi ni nini. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, hata kama hajawahi kukaa katika darasa la isimu, atakata *baraza* kuwa ba-ra-za na *mtu* kuwa m-tu bila kusita, na malenga atahesabu mizani za mshororo kwa vidole bila kukosea. Shida huanza pale mwanafunzi, mwalimu au mtafiti anapotakiwa kuchora kilichomo ndani ya kipande kimoja cha hesabu hiyo. Je, silabi ni safu ya sauti zinazofuatana tu, ni kikundi chenye matawi, ni mzigo wenye uzito unaopimika, au ni mfululizo wa nafasi ambazo baadhi yake hazikujazwa? Fonolojia imeyatoa majibu yote manne, na kila jibu lina alama zake, michoro yake na watetezi wake. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya yule ambaye tayari ana data mkononi lakini hajui aichore kwa njia ipi.

Tofauti hizi ni za karibuni kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1968 wanaisimu Chomsky na Halle walieleza mfumo wa sauti za Kiingereza bila kuipa silabi hadhi ya kipashio. Kanuni zao zilitazama mfuatano wa sauti na mipaka ya mofimu, basi. Mwaka 1976 Kahn alionyesha katika tasnifu yake kwamba kanuni nyingi za Kiingereza zilizokuwa zikiandikwa kwa orodha ndefu za mazingira zingeweza kusemwa kwa sentensi moja iwapo silabi ingerudishwa. Ilirudishwa, na swali likabadilika: kutoka “je, ipo?” hadi “ina umbo gani?”

Yako mambo ambayo njia zote nne zinakubaliana. Silabi ina kiini, ambacho mara nyingi ni irabu. Kabla ya kiini huweza kuwapo konsonanti, ambazo nitaziita mwanzo, na baada yake huweza kuwapo nyingine, ambazo nitaziita koda. Mvumo wa sauti, yaani kiasi ambacho sauti husikika na kuvuma, kwa kawaida hupanda kuelekea kiini na kushuka baada yake, jambo ambalo wanafonetiki Sievers na Jespersen walikwisha kulieleza kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Ubishi uliopo ni juu ya namna vipande hivi vinavyoshikamana.

Vigezo vya kulinganishia

Nitapima kila njia kwa maswali manne, kwa mpangilio uleule. La kwanza ni mpangilio wa sauti: je, njia hii inasema ni sauti zipi zinaweza kukaa pamoja na zipi haziwezi? La pili ni uzito na hesabu: je, inaeleza kwa nini mkazo huangukia silabi hii na si ile, na kwa nini irabu hurefuka sauti jirani inapodondoka? La tatu ni nazali, yaani sauti za puani kama *m* na *n*, na maneno mkopo, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili na jamaa zake hutoa mtihani mgumu kuliko lugha nyingi. La nne ni gharama: inachukua muda gani kuifundisha, na inamdai msomaji akubali mambo mangapi asiyoyaona wala kuyasikia?

Ili kipimo kiwe cha haki, nitapitisha mifano ileile katika njia zote. Mfano wa kwanza ni jozi ya *mbuni*: ndege mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, silabi mbili, ilhali mtu anayebuni ni m-bu-ni, silabi tatu, ingawa maandishi hayatofautiani hata kwa herufi moja na mkazo unaangukia *bu* katika yote mawili. Wa pili ni *mbwa* na *mbweha*: katika *mbwa* nazali husimama peke yake, tena hubeba mkazo, m-bwa, katika *mbweha* nazali hiyohiyo huungana na inayofuata, mbwe-ha. Wa tatu ni maneno mkopo *wakati*, *labda* na *daktari*. Wa nne unatoka katika Kilatini cha kale, ambapo *\*kasnus* lilipoteza *s* na kuwa *cānus*, “mwenye mvi”, kwa irabu ndefu, lakini *\*snurus* lilipopoteza *s* yake lilibaki *nurus*, “mke wa mwana”, na irabu haikurefuka hata kidogo. Nyota katika mifano hii inaonyesha umbo la zamani lililokisiwa. Anayeweza kueleza kwa nini *s* moja iliacha fidia na nyingine haikuacha, ameshaelewa nusu ya ubishi wote.

Njia ya kwanza: kiunzi cha K na I

Huu ndio mtindo ambao wengi wetu tuliuona kwanza. Konsonanti ni K, irabu ni I, na silabi huandikwa kwa kuzipanga: *oa* ni I-I, *baba* ni KI-KI, *kwake* ni KKI-KI, *mtu* ni K-KI, na kipande cha kwanza cha *labda* ni KIK. Katika nadharia, ulipata nguvu kwa kazi ya McCarthy juu ya Kiarabu, tasnifu ya 1979 na makala ya 1981, kisha ukapewa umbo kamili na Clements na Keyser mwaka 1983.

*Mpangilio wa sauti.* Kiunzi hung’ara pale ambapo umbo lenyewe lina maana. Katika Kiarabu mzizi wa konsonanti tatu *k-t-b* humiminwa katika viunzi tofauti: KIKIKI hutoa *kataba*, “aliandika”, KIKKIKI hutoa *kattaba*, “aliandikisha”, KIIKIK hutoa *kaatib*, “mwandishi”. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuona mzizi huo kwa macho yake mwenyewe katika *kitabu*, *katibu* na *maktaba*. Hakuna njia nyingine inayoonyesha jambo hili kwa uwazi huo. Hata hivyo kiunzi hakisemi kwa nini *kwa* inaruhusiwa na *wka* hairuhusiwi, kwani zote ni KKI. Ni lazima uongeze kanuni ya mvumo kutoka nje.

*Uzito na hesabu.* Hapa ni dhaifu. Kwa *\*kasnus*, nafasi ya *s* hubaki tupu na irabu iliyo kushoto huijaza, vizuri. Kwa *\*snurus*, nafasi tupu hubaki vilevile, na kiunzi chenyewe hakitoi sababu ya kuifuta badala ya kuijaza, kwa mfano kwa kurudufu *n*. K zote ni sawa mbele yake, ya mwanzo na ya koda.

*Nazali na maneno mkopo.* Lazima hapa nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Katika vitabu vya shule, I maana yake ni irabu, hivyo *m* ya *mtu* huitwa silabi ya aina ya K. Kwa Clements na Keyser, I ni nafasi ya kilele cha silabi, awe nani anayeikalia, na hivyo *m* hiyo hukaa kwenye I. Tofauti hii si ndogo. Kwa tafsiri ya pili, jozi ya *mbuni* inapatana bila shida: kwa ndege, *mb* hugawana nafasi moja ya K, kwa mtu anayebuni, *m* imekalia I yake na *b* iko kwenye K. Kwa tafsiri ya shule, unabaki na K-KI-KI dhidi ya KKI-KI, na mwanafunzi anayeuliza kwa nini K moja inaweza kuwa silabi na nyingine haiwezi hapati jibu. Maneno mkopo huorodheshwa tu: *labda* KIK-KI, *daktari* KIK-KI-KI.

*Gharama.* Ni ndogo kuliko zote. Mtu hujifunza kwa saa moja. Kosa linalojirudia ni kuhesabu herufi badala ya sauti: *sh*, *ch*, *dh*, *th*, *gh*, *ny* na *ng’* ni konsonanti mojamoja, hivyo *shavu* ni KI-KI, si KKI-KI, na anayeandika vinginevyo amechambua tahajia, hajachambua lugha.

*Inamfaa nani.* Mwalimu wa madarasa ya mwanzo, mtayarishaji wa nyenzo za kusoma na kuandika, na mtafiti wa lugha ambazo mofolojia yake hujengwa kwa viunzi.

Njia ya pili: mwanzo na rima

Njia hii inasema kwamba silabi si safu, ni mti wenye matawi mawili. Tawi moja ni mwanzo. La pili ni kundi la kiini na koda, ambalo hapa nitaliita rima. Wazo ni la kale kuliko isimu ya sasa. Kamusi za Kichina zilizopanga maneno kwa miishio yake, mojawapo ikiwa Qieyun iliyokamilika mwaka 601, zilieleza matamshi ya neno kwa kutumia maneno mengine mawili: la kwanza hutoa sauti ya mwanzo na la pili hutoa kilichobaki. Kwa matamshi ya leo, *dong* hufafanuliwa kwa *de* na *hong*: chukua *d* ya kwanza, chukua *ong* ya pili. Silabi imekatwa mahali palepale ambapo wanafonolojia wa karne ya 20, kama Pike na Pike mwaka 1947 na Fudge mwaka 1969, walikuja kupakata.

*Mpangilio wa sauti.* Hapa ndipo penye hoja yake kubwa. Masharti kati ya irabu na koda huwa mengi; kati ya mwanzo na irabu huwa machache. Irabu ya Kiingereza inayosikika katika *out*, *loud*, *mouth*, *house* na *town* hufuatwa, ndani ya silabi moja, na konsonanti zinazotamkwa kwa sehemu ya mbele ya ulimi tu. Haifuatwi na *p* wala *k*. Lakini kabla yake huja karibu konsonanti yoyote. Ikiwa kiini na koda ni kundi moja, basi si ajabu kwamba vinawekeana masharti.

*Uzito na hesabu.* Hufanya kazi vizuri. Katika Kilatini, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa ni nzito, yaani yenye irabu ndefu kama *a-mī-cus* au yenye koda kama *ma-gis-ter*. Isipokuwa nzito, mkazo hurudi nyuma hatua moja, *fa-ci-lis*. Kwa njia hii silabi nzito ni ile ambayo rima yake ina matawi, na mwanzo hauhusiki. Mfano wa *cānus* na *nurus* unafunguka mara moja: *s* ya kwanza ilikuwa ndani ya rima na kuondoka kwake kuliacha pengo humo, ya pili ilikuwa mwanzoni, nje ya mahali panapohesabiwa.

*Nazali na maneno mkopo.* Njia hii hupata taabu na *mb*, *nd*, *nj* na *ng* zikiwa mwanzoni, kwa sababu mvumo unashuka kutoka nazali kwenda kipasuo, yaani sauti inayozuia hewa kabisa kisha kuiachia kama *b* au *d*, wakati ungetarajiwa kupanda. Kwa kawaida hutatuliwa kwa kusema kwamba *mb* ya *mbweha* ni konsonanti moja changamano. *M* ya *m-buni* hufanywa kuwa kiini cha silabi isiyo na mwanzo. Inaeleweka, lakini mti hausemi ni kwa nini *mbwa* imekataa kuunganisha ilichounganisha *mbweha*. Maneno *labda* na *daktari* yanaonyesha koda bila utata: *lab-da*, *dak-ta-ri*.

Nina onyo moja ambalo nalitilia mkazo, kwa kuwa nimeliona likipotosha kazi nzuri. Usiite tawi la pili *kina*. Katika ushairi wa Kiswahili, kina ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti na irabu pamoja: *-ta* hupatana na *-ta*, na mtunzi atakayelinganisha *-ta* na *-ma* kwa sababu tu zote zinaishia kwa *a*, shairi lake litaitwa guni. Rima, kinyume chake, huacha mwanzo nje. Hoja ya mizani na vina, ambayo kwa lugha nyingine ni ushahidi wa tawi hili, kwa Kiswahili haithibitishi hivyo. Kama inathibitisha lolote, ni kwamba sikio la malenga huchukua silabi nzima kama kipande kisichogawanyika. Ukiazima hoja hiyo kutoka kwa lugha nyingine bila kuipima, umejenga juu ya mchanga.

*Gharama.* Ya wastani. Michoro ya matawi huhitaji mazoezi, lakini istilahi ni chache na hutumika katika fasihi kubwa ya fonolojia.

*Inamfaa nani.* Anayechambua lugha zenye koda nyingi na mifululizo ya konsonanti, anayelinganisha lugha kwa kuangalia masharti ya mwanzo na koda, na anayefanya kazi na watoto wanaojifunza kusoma lugha ambazo miishio inayofanana ni msaada wa kutambua maneno.

Njia ya tatu: mora

Mora ni kipimo cha uzito. Silabi nyepesi ina mora moja, nzito ina mbili. Irabu fupi hubeba moja, irabu ndefu mbili. Konsonanti ya koda hubeba moja katika lugha fulani na haibebi katika nyingine. Konsonanti ya mwanzo haibebi. Kazi ya Hyman ya 1985, ya McCarthy na Prince ya 1986, na ya Hayes ya 1989 ndizo zilizoipa njia hii umbo linalotumika sasa. Mfano unaofahamika zaidi ni Kijapani: *Nippon* ina silabi mbili lakini mora nne, ni-p-po-n, na *Tōkyō* ina mora nne vilevile, to-o-kyo-o. Mistari ya haiku ya 5, 7 na 5 huhesabu mora, haihesabu silabi.

*Mpangilio wa sauti.* Haina mengi ya kusema. Konsonanti za mwanzo hubandikwa tu kwenye silabi, na mpangilio wao hauna mahali pa kuelezwa.

*Uzito na hesabu.* Hapa haina mpinzani wa karibu. *\*Kasnus* ilipoteza sauti yenye mora, mora ikabaki, irabu ikairithi. *\*Snurus* ilipoteza sauti isiyo na mora, hivyo hapakuwa na cha kurithiwa. Hakuna kanuni ya ziada inayohitajika. Udhaifu upo pia, nao ni wa kweli: kwa kuwa mwanzo hauna mora, lugha ambayo mkazo wake unaangalia konsonanti ya mwanzo ingepaswa isiwepo, na bado Everett na Everett walieleza mwaka 1984 kwamba mkazo wa Kipirahã, lugha ya Brazili, hutofautisha mwanzo wa ghuna, unaotamkwa kwa mtetemo wa nyuzi za sauti kama *b*, na usio ghuna kama *p*.

*Nazali na maneno mkopo.* Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo njia hii inapozungumza na Kiswahili moja kwa moja. Linganisha *mtu* na neno lake ndugu la Kiganda, *omuntu*. Kiganda kimehifadhi *u* ya kiambishi *mu-*, na nazali ya *-ntu* imejiunga na *t*. Mora iliyokuwa ya nazali imekwenda kwa irabu iliyotangulia, hivyo neno hutamkwa kwa *u* ndefu, omuuntu. Kiswahili kimeidondosha *u* ya kiambishi hicho, na mora yake imeshikwa na *m*. Sauti imekwenda, uzito umebaki, na aliyebaki nao ndiye anayeitwa silabi. Kwa hiyo *m-buni* ya mtu ina mora tatu kwa sababu *m* yake ni mabaki ya *mu-*. *Mbuni* ya ndege ina mbili kwa sababu nazali yake ni ya ngeli ya N na haikuwahi kuwa na irabu hiyo.

*Mbwa* na *mbweha* nazo zinajibika. Nomino inataka angalau mora mbili ili mkazo wa kabla ya mwisho upate mahali pa kukaa. *Mbweha* inazo bila msaada, *mbwe* na *ha*. *Mbwa* ingekuwa na moja tu, basi nazali hupewa mora na kufikisha mbili. Hali ni hiyohiyo kwa *nchi*, *nge*, *nzi*, *nta* na *mbu*.

Hata hivyo ni haki kusema kwamba katika sehemu kubwa ya Kiswahili mora na silabi hutoa hesabu moja. *Kondoo* ni ko-ndo-o kwa silabi na kwa mora, na mkazo ni kwenye *ndo* kwa vyovyote. Njia zinaachana kwenye maneno mkopo yenye koda. Kama *b* ya *labda* ingekuwa na mora, basi mora ya pili kutoka mwisho ingekuwa *b* yenyewe, na mkazo ungekuwa hapo. Lakini tunatamka kwa mkazo kwenye *la*. Na *dak* ya *daktari*, ijapokuwa ina koda, haivuti mkazo kutoka kwa *ta*. Hitimisho ni kwamba koda ya Kiswahili haina uzito, ilhali nazali inayosimama peke yake inao. Sijui njia nyingine inayoweza kulisema jambo hili kwa maneno machache hivyo.

*Gharama.* Dhana yenyewe hueleweka haraka na anayejua mizani. Ugumu uko kwenye kuthibitisha, lugha kwa lugha, kama koda inabeba mora au haibebi. Hilo halikisiwi, hutafutiwa ushahidi.

*Inamfaa nani.* Mtafiti wa mkazo, toni, urefu wa irabu, urudufishaji na arudhi, hasa katika lugha za Kibantu ambamo irabu hurefuka kabla ya nazali na kipasuo.

Njia ya nne: KI tupu

Kaye, Lowenstamm na Vergnaud walijenga msingi wake katika makala za 1985 na 1990, na Lowenstamm akaufikisha mwisho mwaka 1996: kila silabi ya kila lugha ni KI, wala hakuna umbo jingine. Panapoonekana koda au konsonanti mbili zinazofuatana, kuna nafasi ya irabu katikati ambayo haikutamkwa.

*Mpangilio wa sauti.* Swali hubadilika. Badala ya kuuliza ni konsonanti zipi zinaweza kufuatana, unauliza ni lini nafasi ya irabu inaruhusiwa kukaa kimya.

*Uzito na hesabu.* Irabu ndefu ni KI mbili, ya pili ikiwa na K tupu. *Kaa* ya Kiswahili hukubali maelezo hayo bila kulazimishwa. *Cānus* huelezwa kwa irabu ya kushoto kuenea hadi nafasi iliyo kimya, na *nurus* kwa kuwa kushoto hakukuwa na irabu ya kuenea. Lakini mkazo wa Kilatini hudai uhesabu nafasi fulani za kimya na kuziruka nyingine.

*Nazali na maneno mkopo.* Maneno mkopo ndiyo fahari yake. *Waqt* ya Kiarabu ni wa-q(–)-t(–), nafasi mbili kimya. Kiswahili hakikuongeza silabi. Kilizijaza zilizokuwapo, wa-ka-ti. *Fikra* na *fikira*, ambazo zote zinatumika, ni neno moja lenye nafasi moja ambayo mzungumzaji huamua kuijaza au kuiacha. *Labda* ni la-b(–)-da. Na *m* ya *mtu* imeketi juu ya nafasi ambayo *u* iliiacha, maelezo yaliyo karibu sana na ya mora.

*Gharama.* Ni kubwa. Unamwomba msomaji aamini nafasi zisizosikika, na usipokuwa na masharti makali ya lini zinaruhusiwa, unaweza kueleza chochote, yaani hujaeleza kitu.

*Inamfaa nani.* Mtafiti wa uzamili au uzamivu anayeshughulikia uchopekaji (kuingiza irabu mpya) na udondoshaji wa irabu, mwenye nafasi ya kutosha kutetea misingi yake.

Neno juu ya masharti yanayoshindana

Wengi huniuliza kama nadharia ya Prince na Smolensky ya mwaka 1993 ni njia ya tano. Kwa maoni yangu sivyo. Inasema kwamba lugha zote zina masharti yaleyale, kama vile “silabi iwe na mwanzo”, “silabi isiwe na koda” na “sauti isiongezwe”, na kwamba lugha hutofautiana kwa sharti lipi linalishinda lipi. Maneno mkopo kama *kitabu* na *adabu* yanaonyesha sharti la kukataa koda likishinda lile la kutoongeza sauti, na *k* ya *daktari* inaonyesha kinyume chake. Hiyo ni namna ya kuchagua umbo, na unaweza kuitumia juu ya rima au juu ya mora. Hata Kitashlhit cha Morocco, ambacho Dell na Elmedlaoui walionyesha mwaka 1985 kwamba huruhusu hata kipasuo kisicho ghuna kuwa kiini, kama katika *tftkt*, kilichambuliwa na Prince na Smolensky bila kubadilisha dhana ya mwanzo, kiini na koda.

Uchague ipi, kwa hali uliyonayo

Ukiwa unafundisha wanaoanza kusoma, tumia kiunzi cha K na I, lakini tangu siku ya kwanza wafundishe kuhesabu sauti na kuacha herufi, na useme wazi kwamba nazali ya *mtu* ni kilele cha silabi yake. Usiwape michoro ya matawi. Haitawasaidia kusoma *ng’ombe*.

Ukiwa unaandika sarufi ya lugha ambayo haijaelezwa vya kutosha, anza na kiunzi kwa ajili ya orodha ya maumbo, kisha tazama data yako inakuvutia wapi. Ukiona koda nyingi zenye masharti na irabu inayotangulia, hamia kwenye rima. Ukiona irabu zinarefuka au toni inahesabu zaidi ya moja ndani ya silabi, hamia kwenye mora. Kueleza maumbo kwa kiunzi na mkazo kwa mora ndani ya sarufi moja si kujipinga, mradi useme ni wapi umebadilisha kipimo.

Ukiwa unachunguza mkazo wa Kiswahili sanifu peke yake, silabi ya kawaida inatosha na mora haitakuongezea mengi hadi ufike kwenye *mbwa*, *labda* na wenzao. Ukiwa unalinganisha Kiswahili na Kiganda, au na lugha yoyote ya Kibantu yenye urefu wa irabu, anza na mora moja kwa moja, maana bila hiyo *mtu* na *omuntu* zitaonekana kuwa maumbo mawili yasiyohusiana.

Ukiwa unashughulikia utohozi wa maneno, uamuzi ni kati ya KI tupu na masharti yanayoshindana. Ya kwanza hukusaidia ikiwa swali lako ni wapi irabu inachopekwa. Ya pili ikiwa swali ni kwa nini neno la zamani limechopekwa na la sasa halikuchopekwa. Na ukiwa na data inayoonyesha yote mawili, kama *fikra* na *fikira* vinywani mwa watu walewale, iweke kwenye jedwali pamoja na umri na mazingira ya wasemaji kabla ya kuchora mti wowote.

Ukiwa unaandika juu ya arudhi ya ushairi wa Kiswahili, hesabu mizani kama malenga anavyozihesabu, kwa silabi, nazali inayosimama peke yake ikiwemo, na liache neno *kina* libaki na maana yake ya ushairi.